Kati ya Kugeuka na Kugeuza

Njia ya kupanda Ziwa Ngozi, katika milima ya Uporoto, hupita ndani ya msitu wenye utelezi hadi kwenye ukingo wa kreta. Anayefika pale akihema hatazami mbele. Anatazama chini, maana ziwa liko huko, mbali, chini ya kuta zilizovaa miti. Mpiga picha akisimika kamera yake ukingoni, akapiga kuzunguka pande zote na kompyuta ikaziunga picha zake ziwe moja isiyo na mwanzo wala mwisho, kazi inahamia kwa mtu mwingine ambaye jina lake halitaandikwa popote. Huyu, mbunifu, ndiye anayeamua kidole cha mtazamaji kitafanya nini.

Uamuzi wake wa kwanza ni mdogo, lakini ndio unaobeba mengi: picha ikifunguka, macho yaangukie wapi? Programu ya kuonyesha picha isipoelekezwa huanzia kwenye mstari wa upeo. Ngozi ikifunguliwa hivyo, mtu aliyeketi Mwanjelwa na simu mkononi ataona ukingo wa ng'ambo na mawingu, na kabla hajajua kwamba kuna ziwa, ameshafunga. Ukishusha mtazamo nyuzi ishirini hivi, maji yanamjia yenyewe.

Swali hili lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Mchoraji Robert Barker alipata hataza ya picha za mzunguko mwaka 1787, na mwaka 1793 jengo lake la duara likafunguliwa Leicester Square, London. Wageni walipitishwa kwanza kwenye ujia wa giza, wakapanda ngazi, ndipo wakaibuka katikati ya mchoro uliowazunguka. Jukwaa liliwazuia wasilikaribie turubai, na paa dogo juu ya vichwa vyao lilificha mahali mchoro ulipoishia. Alichokuwa anapanga Barker ndicho anachopanga mbunifu wa leo: uingie ukitazama wapi, ukaribie kiasi gani, na macho yako yakomee wapi.

Tofauti ni kwamba kwa Barker mtu aligeuza shingo yake mwenyewe. Siku hizi mtu ameketi, shingo imetulia, na picha ndiyo inayopita mbele yake. Hapo Kiswahili kinaona jambo ambalo baadhi ya lugha nyingine hulipita bila kulijali, kwa sababu kina vitenzi viwili. Kuna kugeuka, na kuna kugeuza. Ukibonyeza kishale cha kulia kwenye kibodi, unageuka: macho yanakwenda kulia na picha inakimbilia kushoto. Ukivuta kwa kidole kuelekea kulia, unageuza: picha inafuata kidole kulia, nawe unaona vilivyokuwa kushoto kwako. Mwelekeo ni ule ule, matokeo yanapingana, na yote mawili ni sahihi. Vurugu huanza pale mbunifu anapochanganya, kidole kikamgeuza mtazamaji wakati mkono ulitaka kugeuza picha. Mtumiaji hajui kueleza kilichomuudhi. Anasema tu kwamba "hii kitu inanivuruga."

Tukisogelea skrini yenyewe, hesabu yake inaonekana. Chukua simu yenye upana wa nukta 1080, inayoonyesha nyuzi 100 za mandhari. Kwa wastani kila uzi mmoja umepewa nukta kumi na kitu. Kidole kikisogea nukta 108, mandhari yatageuka nyuzi kumi, na ule mti uliokuwa chini ya kidole unabaki chini ya kidole. Sasa mtazamaji amekuza picha hadi nyuzi 50. Mbunifu mvivu huacha mwendo ule ule, kwa hiyo kidole kikisogea kidogo tu, mti unakimbia mara mbili ya kidole. Aliye makini hupunguza mwendo kwa nusu, na mti unashikana na kidole kama awali. Hakuna atakayemsifu kwa hilo. Mkono ukiridhika, hausemi.

Kisha kuna kule kuachia. Kidole kikiondoka, je, picha isimame papo hapo? Ikikwama ghafla inakuwa kama mlango uliogonga ukuta. Ikiteleza bila breki, mtu anashikwa na kizunguzungu. Madereva wa malori wanaoshuka mlima Kitonga kutoka Iringa kurudi Dar es Salaam wanaijua kanuni hii kuliko mhandisi yeyote: mteremkoni hukanyagi breki mfululizo, unaingiza gia nzito na kuiachia injini ikuzuie kidogo kidogo. Pannellum, programu huria ya Matthew Petroff ambayo yeyote anaweza kuitumia bure kwenye tovuti yake, ina kipimo cha msuguano kwa ajili ya hilo hilo. Namba moja tu, lakini mtu anaweza kuichezea mchana kutwa kabla mkono haujakubali.

Kukuza kuna mtego wake. Kitulo, uwanda wa nyasi ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu na ambao ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kila mtu anataka kuona maua ya okidi kwa karibu. Ila picha yenye upana wa nukta 8000 ina nukta 22 tu kwa kila uzi. Kwenye simu ile ile ya 1080, ukishafika nyuzi 50 umefika mwisho wa ukweli. Ukiendelea kukuza, ua linageuka ukungu wa vimraba. Heshima kwa mtazamaji ni kumzuia kabla hajafika huko. Wateja hulalamika, "mbona haikuzi zaidi?" na jibu lililo aminifu ni kwamba hakuna cha zaidi.

Mahali pengine panorama, yaani picha hii ya mzunguko, haifai kabisa. Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma la urefu wa takriban mita tatu, kiko peke yake. Mtu akifika pale hazunguki kutazama mashamba, anakizunguka kimondo. Panorama hutazama kutoka ndani kwenda nje, nacho kinataka kutazamwa kutoka nje kwenda ndani. QuickTime VR, teknolojia ambayo Apple iliitoa katikati ya miaka ya 1990, ililijua hili mapema, ikatenga aina mbili: picha za kuzunguka mandhari, na picha za kuzungusha kitu. Kuzunguka na kuzungusha. Tumerudi kwenye vitenzi vyetu. Kuna na cha tatu. Google ilipoweka picha za njia za Hifadhi ya Gombe mwaka 2014, zilizopigwa kwa kamera ya kubebwa mgongoni, mishale juu ya njia ya msitu ilimruhusu mtu kwenda mbele.

Bando nalo lina sauti. Pannellum, isipoambiwa vinginevyo, haipakui picha mpaka mtazamaji abonyeze, na kwa anayenunua MB kwa siku hiyo ni adabu. Vilevile kuna jairoskopu, kile kihisi kinachojua simu imegeuzwa kiasi gani, ambacho humrudishia mtu kugeuka kwa kweli: simama, zungusha mwili, nayo mandhari yanazunguka. Simu nyingi za bei nafuu hazina. Kitufe chake kisitokee kwenye simu isiyokuwa nacho, maana kitufe kisichofanya kazi ni tusi.

Isimila ndiko ufundi huu unakopimwa. Ni kilomita zipatazo 20 kutoka Iringa mjini, kando ya barabara ya Mbeya, korongo lililogunduliwa kuwa na zana za mawe mwaka 1951, na lenye nguzo za udongo mgumu zilizochongwa na maji ya mvua. Ukisimama katikati yake, utamu uko juu, kule vichwa vya nguzo vinakogusa anga. Na juu ndiko mitambo hii husumbuka: mtazamo ukifika nyuzi 90, kulia na kushoto hupoteza maana, na msukumo mdogo huizungusha picha kama pia. Wabunifu wengi huweka kikomo nyuzi chache kabla ya hapo, na wazuri zaidi hupunguza mwendo polepole kadiri kikomo kinavyokaribia, ili kidole kihisi uzito badala ya ukuta. Mwangalie mtu akivuta picha ya Isimila kwenye basi la asubuhi kutoka Ipogolo. Kidole gumba kinashuka, nguzo zinateremka, anga linaingia. Simu haijasogea. Lakini kidevu chake kinapanda.