Hongera, Mafundi wa Viti wa Buyenzi

Mwaka 2021 Mercedes-Benz ilizindua EQS, gari la umeme lenye dashibodi ya kioo yenye upana wa sentimita 141. Mwaka huohuo Volvo ikatangaza kuwa magari yake mapya ya umeme hayatawekwa ngozi ya mnyama. Matajiri wa dunia wakawa wanajadili vitambaa na mishono, mazungumzo ambayo Buyenzi ni ya kila siku.

Mtaa huu wa Waswahili, hapa Bujumbura, ni makao ya mafundi wa magari. Wengi huwasifu wa injini; mimi nawapongeza wa viti. Magari yetu mengi hufika yakiwa yameshatumika Japani, na jua la huku ziwani halina huruma na viti vyake.

Fundi hufumua kava la zamani taratibu. Vipande vyake ndivyo kielelezo: huvilaza juu ya ngozi ya bandia, huvizungushia chaki, kisha hukata akiacha nafasi ya pindo. Sponji iliyobonyea upande wa dereva huongezwa. Cherehani hupita mara mbili, mshono wa pili ukiwa wa juu, unaoonekana. Hapo ndipo utamjua aliyefuzu: mstari wake haupindi hata kwenye kona ya kiegemeo cha kichwa. Kazi hiyo ingepita popote.

Gari la umeme nalo litahitaji kiti. Wenye magari, msiwabane mafundi hawa kwa bei. Walipeni haki yao, na vijana wapelekeni wakajifunze.