Vinanda vya Umeme katika Nyimbo za Kiswahili: Santuri Zinazostahili Kuwekwa

Mwaka 1989 dereva wa lori aliyetoka Mombasa akielekea Kongo alikwama Bwera siku nne akingojea karatasi za mpakani, na kwa kuwa tulimpa mahali pa kulala, alituachia kanda moja alipoondoka. Haikuwa na jalada. Juu yake paliandikwa kwa wino neno moja tu: Harusi. Ndani mlikuwa na sauti ya mwanamke, ngoma, gitaa la besi, na kinanda cha umeme kilicholia kama nyuki waliofungiwa debeni. Tuliisikiliza mara mbili tatu, tukacheka, tukasema kuwa hiyo si taarabu bali ni kelele za mashine. Miaka michache baadaye tulikosa kanda tupu ya kurekodia imla ya darasa la saba, nasi tukairekodi imla juu ya ile harusi. Makala haya yametokana na kosa hilo.

Wenzetu wa Ulaya wana desturi ya kukusanya santuri za muziki walioupa jina la wimbi jipya, ule uliozuka Uingereza na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, na hasa za vijana walioweka gitaa chini wakashika kinanda cha umeme. Kraftwerk wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kuwatangulia kwa santuri yao ya Autobahn ya mwaka 1974. Wakafuata The Human League mwaka 1981 kwa Dare, na New Order mwaka 1983 kwa Blue Monday. Santuri hizo hutolewa upya kila baada ya miaka, zikasafishwa sauti na kutiwa majalada ya fahari, na wapenzi wake huzinunua mara ya pili na ya tatu. Hatuna ugomvi nao. Lakini mwalimu wa Kiswahili akiulizwa ni vinanda gani vya umeme vilivyoimba katika lugha anayoifundisha, na ni mkusanyo upi auweke kabatini pamoja na vitabu vyake, atajibu nini? Sisi tulipoulizwa na mwanafunzi mmoja hapa Munkunyu hatukuwa na jibu, nasi tumetumia muda mrefu kulitafuta.

Jibu linaanzia Tanga na Mombasa. Msomaji anayetaka santuri moja tu na anunue ile ya kumi katika mfululizo wa Zanzibara, unaotolewa na kampuni ya Buda Musique ya Paris chini ya usimamizi wa Mjerumani Werner Graebner. Jina lake ni First Modern, na inakusanya taarabu ya Mombasa na Tanga ya kati ya mwaka 1970 na 1990. Wengi wetu tulifundishwa kuwa taarabu ni Unguja, na Unguja ni Ikhwani Safaa, chama kilichoanzishwa mwaka 1905, pamoja na fidla zake, kanuni na udi. Hayo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Black Star Musical Club ya Tanga, na baadaye Lucky Star, waliiondoa taarabu katika kiti chake cha enzi wakaipa gitaa, gitaa la besi na mwendo wa dansi. Kutoka humo ndimo tulimopata sauti ya Bi Shakila Said, aliyefariki mwaka 2016, sauti ambayo hata ukiisikia katika redio mbovu huwezi kuichanganya na ya mtu mwingine. Mombasa nako Maulidi Juma na Zuhura Swaleh waliweka kinanda cha umeme kando ya taishokoto, ala ya Kijapani yenye nyuzi na vibonye, wakaichanganya na chakacha ya harusini.

Katika mkusanyo huu kinanda bado ni mgeni mwenye adabu, si mwenye nyumba. Kinamfuata mwimbaji hatua moja nyuma, kinajibu pale ambapo zamani fidla zingejibu, na kisha kinanyamaza. Anayetafuta mashine tupu asinunue. Anayetaka kusikia jinsi ala ngeni inavyofundishwa lugha, akinunua hatajuta.

Tuseme jambo juu ya hoja ya wahafidhina, maana tulikuwa miongoni mwao. Hudaiwa kuwa kinanda cha umeme kiliua taarabu kwa kuwa kilifukuza wapigaji kumi na kumweka mmoja. Kwa upande wa fani, madai hayo yana uzito: fidla kumi haziwezi kuwa kitu kimoja na kibonye kimoja, na yeyote aliyezisikia santuri nne za taarabu ya Unguja zilizotolewa na GlobeStyle ya London mwishoni mwa miaka ya 1980 anajua ni utajiri gani uliopungua. Lakini tukitazama maudhui, mambo hugeuka. Kundi dogo lenye kinanda kimoja liliweza kwenda kwenye harusi ambazo okestra isingefika. Utangulizi wa ala ukawa mfupi, shairi likaingia mapema, nao wanawake waliokuwa wakisikiliza kwa heshima wakaanza kujibu. Lugha iliyokuwa ya sitara ikatoka uani. Haidhuru kwamba baadhi ya maneno yake hatuwezi kuyaandika ubaoni. Mafumbo yalibaki kuwa mafumbo, na mwalimu anayefundisha tamathali za usemi hatapata ghala kubwa kuliko hilo. Kwa sifa hiyo tunapendekeza pia santuri mbili za GlobeStyle: Mombasa Wedding Special ya Maulidi na kundi lake, ya mwaka 1990, na Jino la Pembe ya Zuhura Swaleh, ya mwaka 1992. Hazipatikani kwa urahisi, lakini mtu akiziona katika duka la vitu vikuukuu asisite.

Miaka ya 1990 ilipofika, mgeni akawa mwenye nyumba. East African Melody, kundi lenye mizizi miongoni mwa Waswahili wa Ghuba, lilijenga nyimbo nzima juu ya vinanda vya umeme, na mtindo wa rusha roho ukaenea pwani yote. Hapa mapenzi yetu yana mipaka. Mashine ya kupiga ngoma isiyobadili mwendo kwa robo saa humchosha msikilizaji kabla ya wimbo kufika katikati, na mipasho iliyozaliwa kwa werevu mara nyingi iliishia kuwa matusi yaliyovikwa kanga. Hata hivyo, kanda chache za wakati huo zinafaa kuwekwa, kwa sababu zinaonyesha mahali ambapo lugha ya kujibizana ilinoleka kuliko popote pengine katika miaka hiyo.

Sasa tuje kwenye santuri tunayoipenda kuliko zote, ingawa tunajua wako watakaotucheka kama tulivyomcheka yule dereva. Ni Bongo Hotheads ya Jagwa Music, iliyotolewa mwaka 2012 na Crammed Discs ya Ubelgiji. Jagwa ni watu wa mchiriku, muziki wa mitaa ya Dar es Salaam ambako vijana wasio na fedha za gitaa walichukua kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho kwa wenye nacho ni kitu cha kuchezea watoto, wakakiunganisha na vipaza sauti vibovu, wakakizungushia ngoma za kienyeji na kukesha nacho. Ndiyo maana tunasema kuwa Waswahili walikuwa na wimbi jipya lao wenyewe, tena halikusubiri ruhusa. Kijana wa Uingereza wa mwaka 1981 alinunua kinanda cha bei nafuu kwa kuwa alichoshwa na gitaa. Kijana wa Mwananyamala alikinunua kwa kuwa ndicho alichokiweza. Sauti ya kinanda hicho imekwaruzwa hata inakaribia zumari, na katika ngoma za pwani zumari ndiyo sauti inayowaita watu kutoka majumbani. Nyimbo zenyewe ni za maisha ya kubangaiza, za mapenzi yaliyovunjwa na umaskini, za watu wanaotazamana kwa shaka. Tatizo letu moja ni usafi wake: imerekodiwa vizuri mno. Mchiriku uliosikika katika kanda za mitaani ulikuwa na vumbi, na vumbi lile lilikuwa sehemu ya maana.

Kutoka mchiriku na vipande vya taarabu vilivyoharakishwa ndimo singeli ilimotoka, na hapo santuri ya kuweka ni Sounds of Sisso ya mwaka 2017, mkusanyo wa kazi za studio moja ya Mburahati. Mwendo wake ni wa kasi hata mtu mzima hushika ukuta. Tuliucheza mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu. Wao waliyasikia maneno, sisi hatukuyasikia, na ilibidi watuandikie. Sijui kama kuna zoezi la imla lililokwisha kugeuka namna hiyo. Mkusanyo huo umetolewa na kampuni ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes, jina ambalo mwalimu wa Kiswahili hawezi kulitamka darasani bila kukohoa, ingawa wenyewe hueleza kuwa asili yake ni Kiganda na maana yake ni hamu ya kucheza isiyozuilika.

Kampuni hiyohiyo ilitoa mwaka 2017 Gulu City Anthems ya Otim Alpha. Si ya Kiswahili, bali ni ya Kiacholi, lakini haifai kuikosa. Larakaraka, ngoma ya uchumba na harusi ya Waacholi, huhitaji watu wengi na ala nyingi. Vita vya kaskazini viliwatawanya watu, na bendi nzima ikawa ghali. Otim Alpha na mtayarishaji Leo Palayeng wakaihamishia ngoma ndani ya kompyuta. Msomaji atakumbuka tulichosema juu ya fidla za Unguja. Huko Gulu mashine haikumfukuza mpigaji. Mpigaji alikuwa amekwisha kufukuzwa na bunduki.

Kwa upande wa Waganda walioimba ugenini, tunaitaja Born in Africa ya Philly Lutaaya, aliyoitoa mwaka 1986 akiwa uhamishoni Sweden, na ambayo kila nyumba ya Kasese yenye redio iliijua. Lakini iliyo karibu zaidi na mada yetu ni Exile ya Geoffrey Oryema, ya mwaka 1990. Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa waziri, akauawa Februari 1977 katika utawala wa Amin. Kijana akatoroka nchi na kuishia Ufaransa, ambako alifariki mwaka 2018. Mtayarishaji wa Exile ni Brian Eno, Mwingereza yuleyule aliyeshirikiana na Talking Heads katika santuri zao mashuhuri kabisa za wimbi jipya. Mtu angetazamia mashine zimmeze Mwacholi. Kumbe Eno anapiga kinanda kama mtu anayetembea katika nyumba yenye msiba: sauti ndefu, za chini, zisizodai chochote, na juu yake nanga na lukeme vinasikika kila uzi na kila ulimi. Oryema anaimba Kiacholi, na anaimba Kiswahili pia.

Jambo hili la mwisho ndilo lililotufanya tuandike. Watoto wetu wa Munkunyu hukisikia Kiswahili kwanza katika soko la Mpondwe, wakati mama anapopatana bei na mfanyabiashara wa Kasindi. Babu zao walikisikia kwanza kwa askari. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na wengi wakakichukia kwa sababu ya kinywa kilichokitangaza. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kuwa kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini uamuzi wa baraza hauwezi kumfanya mtoto akipende. Tulipocheza wimbo mmoja wa Oryema wa Kiswahili, mzee aliyekuwa akipita nje ya darasa alisimama dirishani mpaka ukaisha. Akauliza, "Mwalimu, huyo ni mwanajeshi?" Tukamwambia kuwa ni mtu aliyefiwa na baba yake mikononi mwa wanajeshi. Akasema, "Na bado anaimba kwa lugha yao?" Hatukuwa na la kumjibu. Tuliurudia wimbo, naye akausikiliza tena.

Kuhusu upatikanaji, tuseme ukweli. Nyingi za santuri hizi hutengenezwa kwa ajili ya mnunuzi wa Ulaya na Marekani. Maelezo ya Zanzibara ni ya Kifaransa na Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili hakufikiriwa kwanza, ingawa nyimbo ni zake. Bei ya santuri moja, pamoja na kuisafirisha hadi Kasese, huzidi uwezo wa mwalimu. Kwa hiyo tunashauri walimu wa wilaya moja wachange, wanunue sidii au nakala za kompyuta zinazouzwa kihalali, waandike maneno ya nyimbo kwa mkono wakiwasaidia wanafunzi, na kuyaweka maandishi hayo maktabani. Kanda za zamani zisiwekwe juani wala karibu na spika, na kabla ya kurekodi juu ya kanda yoyote, mtu aisikilize pande zote mbili.

Ile ya dereva hatujaipata. Tumesikiliza Zanzibara ya kumi yote, na zile mbili za GlobeStyle, tukiutafuta wimbo uliokuwa upande wa kwanza, ambao mwanamke anaanza peke yake na kinanda kinaingia kwa kuchelewa, kana kwamba kimesahau. Haumo. Kanda yenyewe tunayo. Imla imekwisha kufifia, na ukiongeza sauti mwishoni, baada ya mwalimu kutaja nukta ya mwisho, besi ya harusi inasikika kwa muda wa pumzi mbili hivi.