Wanawake Waliojua Kuhesabu

Sura ya pili ya Sense and Sensibility, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwaka 1811, ni mazungumzo ya mume na mke, basi. Mzee amefariki. Kabla ya kukata roho alimsihi mwanawe, John Dashwood, awaangalie mama yake wa kambo na dada zake watatu. John ameahidi, na moyoni ameazimia kumpa kila dada pauni 1,000. Hapo mkewe Fanny anaanza kusema. Hagombi, hapandishi sauti. Anamkumbusha mtoto wao mdogo. Anamkumbusha kwamba pesa ikishatoka hairudi. Elfu tatu zinashuka hadi elfu moja na mia tano. Kisha wanaona heri kumlipa mama pauni 100 kila mwaka, ila je, akiishi miaka mingi? Basi pauni 50 mara mojamoja. Sura inapokwisha, mjane na binti zake hawana chochote cha kutegemea kutoka kwa John isipokuwa samaki na nyama ya mwituni kwa msimu wake, na Fanny ameshaanza kuvitamani vyombo vya mezani alivyoachiwa mjane.

Msomaji wa Lubumbashi hahitaji mwalimu wa kumfafanulia sura hiyo. Katuba, Kamalondo, Kenya, Ruashi, kote watu wamewaona ndugu wa marehemu wakiingia nyumbani kabla kilio hakijaisha, macho yao yakipita juu ya friji, viti na karatasi za kiwanja. Sheria ya Familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987 inawapa watoto robo tatu ya urithi, na mjane naye inamtambua. Lakini sheria iko kitabuni, shemeji yuko mlangoni. Austen aliijua nafasi iliyopo kati ya hayo mawili, na ufundi wake ni kwamba hakumleta hakimu wala hakumpa mjane neno la kulalamika. Aliwaacha wanyang'anyi waongee kwa upole, hatua kwa hatua, mpaka wakajiona ni watu wema.

Wengi wakitaja utetezi wa wanawake katika riwaya za kale za Kiingereza hukimbilia hotuba, hasa ile ya Jane Eyre, katika riwaya ya Charlotte Brontë, akimwambia Rochester, bwana aliyemwajiri, kwamba yeye pia ana roho. Ninaipenda hotuba hiyo. Ila kazi kubwa zaidi ya waandishi hawa naiona kwenye hesabu: nani anapokea pesa, nani anashika ufunguo, jina la nani limeandikwa kwenye karatasi. Walitia sheria ya nchi nzima ndani ya droo ya meza, na msomaji akaikuta humo akiwa anafuata hadithi.

Aliyefika mbali zaidi ni Anne Brontë, ambaye husomwa kidogo kuliko dada zake, na hilo ni kosa. Riwaya yake The Tenant of Wildfell Hall ilitoka mwaka 1848 kwa jina la Acton Bell. Helen ameolewa na mlevi anayemfundisha mtoto wao wa kiume kunywa na kutukana. Anapanga kutoroka na kujilisha kwa uchoraji. Usiku mmoja mume ananyakua daftari lake la siri, anasoma mpango wote, kisha anamtaka ampe funguo zake. Anatupa rangi na brashi motoni, anachukua pesa, anamwekea kiasi kidogo cha kila mwezi. Hampigi hata kofi katika ukurasa huo, na mimi sijui ukurasa wa ukatili unaouzidi. Baadaye Helen anatoroka kweli, anapanga nyumba kwa jina la uongo na kuuza picha zake. Hata picha ya nyumba anayoishi anaiandikia jina la mahali pengine, ili wanaomjua wakiiona wasigundue anakoishi. Mwandishi amepachika hofu yote ya mwanamke huyo katika maneno machache chini ya picha.

Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, kila senti aliyopata Helen kwa brashi yake ilikuwa ya mume. Mwaka 1870 ndipo bunge liliporuhusu mke awe na haki ya ujira wake, na mwaka 1882 ndipo mali yake kwa jumla ilipolindwa. Anne hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1849, akiwa na miaka 29, na dada yake Charlotte hakutaka riwaya hiyo ichapwe tena. Sisi huku, kifungu cha 448 cha Sheria ya Familia kilimtaka mke apate kibali cha mumewe kabla ya tendo la kisheria linalomfunga kufanya kazi fulani mwenyewe. Kibali hicho kiliondolewa kwa sheria ya Julai 2016. Mama wa hapa mwenye umri wa miaka 40 ameishi ndani ya riwaya ya Anne Brontë.

Charlotte naye alihesabu. Jane Eyre anarithi pauni 20,000 kutoka kwa ami yake wa Madeira, anazigawa sawasawa na binamu zake watatu, na anarudi kwa Rochester akiwa na pauni zake 5,000. Lakini juu, ghorofani kwa Rochester, Charlotte aliacha deni. Bertha Mason, mke wa Rochester aliyeletwa kutoka Jamaika na mali ya pauni 30,000 iliyomtajirisha mume, amefungiwa na hapewi hata sentensi moja ya kujieleza. Ilibidi mwandishi Jean Rhys, mzaliwa wa Dominika, amfungulie mlango kwa riwaya yake ya mwaka 1966. Msomaji wa Afrika asiipite ghorofa hiyo bila kusimama.

Mji wetu una hesabu zake, nzito kama hizo. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilipoamua, miaka ya 1920 ikielekea mwisho, kwamba wafanyakazi wakae kambini na wake zao, posho ya mke na watoto ilipitia mkataba wa mume. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na haki ya kulala humo ilifuata jina la mume. Miaka ya 1990 mishahara ya Gécamines, kampuni iliyoirithi Union Minière, ikakatika miezi kwa miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa malipo ya mwisho. Aliyeilisha nyumba ni mama, kwa shamba na kwa meza ya sokoni. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2001 jinsi mamlaka ya baba yalivyotikisika katika familia hizo. Mwanahistoria amefanya sehemu yake. Bado inatakiwa sura moja ya riwaya, jioni, baba anayeitwa kichwa cha nyumba ameingia mikono mitupu, mama ameingia na unga, na ufunguo wa kabati uko juu ya meza.

Kiswahili cha kuiandika kipo. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chake, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa majumbani, bila kungoja ruhusa ya wasomi. Kwa hiyo ninakuomba wewe, dada, unayetunza daftari la likelemba, mchango wetu wa zamu, na kujua ni nani alilipa, nani alikopa na nani alimficha mumewe: andika. Usianze na hotuba. Anza na watu wawili wanaozungumza juu ya pesa.