Mfarishi wa Ahadi

Zawadi ya kushonwa kwa mkono haijapata mahali pake katika uhakiki wa fasihi. Beti zinazosifu dhahabu, udi na hariri hufafanuliwa neno kwa neno. Lakini kitambaa cha meza alichokitarizi shangazi kwa ajili ya arusi ya mwana wa nduguye, kikitajwa, hutajwa kuwa ni pambo tu. Sababu yake haijifichi. Kazi hiyo hufanyika ndani ya nyumba, wenye kuifanya aghalabu ni wanawake, na jina la aliyeshona haliandikwi popote. Kwa ajili hiyo, hadithi fupi ya Alice Walker iitwayo "Everyday Use", iliyotoka mwaka 1973 katika mkusanyo wake In Love & Trouble, inastahili kusomwa kwa utulivu na wasomaji wa mwambao. Ndani yake mifarishi miwili mikuukuu inawagombanisha mama na binti yake, na mwisho wa ugomvi msomaji hubaki akijiuliza: kitu kilichoshonwa kwa mapenzi ni cha nani?

Mfarishi unaokusudiwa hapa si godoro jembamba lijulikanalo kwa jina hilo katika nyumba nyingi za mwambao. Ni shuka nzito ya kujifunikia wakati wa baridi. Upande wake wa juu ni viraka, yaani mabaki ya magauni na mashati yaliyokwisha kuvaliwa, vilivyokatwa na kuungwa kwa sindano hata vikatoa nakshi. Upande wa chini ni kitambaa kimoja kizima, na katikati hutiwa pamba. Kisha tabaka zote tatu huwambwa kwenye fremu na kushikizwa kwa mishono midogo midogo inayopenya toka juu hadi chini, ili pamba isikimbilie pembeni. Kuunga viraka huweza kufanywa na mtu mmoja, jioni kwa jioni. Kuwamba na kushikiza, mara nyingi, ni kazi ya watu wawili watatu waliokaa pamoja. Katika hadithi ya Walker, viraka viliungwa na bibi, kisha mama na dada yake wakavishikiza. Mfarishi mmoja kwa hivyo umepitia mikono ya wanawake watatu wa vizazi viwili.

Anayesimulia ni mama mwenyewe, mkulima mwenye mikono migumu, aliyeachia masomo darasa la pili. Anamngojea binti yake mkubwa, Dee, aliyekwenda kusoma mji wa mbali. Nyumbani amebaki Maggie, mdogo, mwenye makovu ya moto ulioteketeza nyumba yao ya zamani. Dee anawasili akiwa na mwanamume mgeni na jina jipya: sasa anaitwa Wangero Leewanika Kemanjo. Anaipiga picha nyumba ambayo zamani aliichukia. Anakitaka kifuniko cha chombo cha kusukia maziwa akakiweke mezani kiwe pambo. Halafu analifungua sanduku la mama yake na kuitoa mifarishi. Ndani yake mna vipande vya magauni ya bibi, vipande vya mashati ya babu, na kipande kimoja cha buluu iliyopauka, kidogo kama kibiriti, kilichokatwa kwenye sare ya babu wa nyuma zaidi aliyepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865. Dee anataka kuitundika ukutani. Maggie, anasema Dee, ataifanya ya kulalia, na baada ya miaka mitano itakuwa matambara.

Wahakiki wengi wameisoma hadithi hii kama mashindano baina ya ukuta na kitanda, na wakampa ushindi Maggie. Usomaji huo una ukweli wake, ila unamdhulumu Dee. Asemalo kuhusu matambara ni kweli tupu. Nguo ya kulalia huchakaa. Tena, pasingekuwa na watu wa namna yake, kazi nyingi za mikono ya wanawake maskini zingepotea bila ya kuandikwa hata mstari mmoja. Hapa ndipo ilipo kasoro ya hadithi: mama ndiye msimulizi na ndiye hakimu, naye hampi mwanawe nafasi ya kujieleza. Dee anaingia akiwa amekwisha kuhukumiwa kwa miwani yake, kwa mapambo yake na kwa kamera yake.

Hata hivyo, msomaji wa Afrika Mashariki anaona jambo ambalo msomaji wa kwingine huenda asilione. Maneno ya salamu anayoyatamka Dee anapofika ni ya Kiganda, tena ni salamu ya asubuhi, ya kumuuliza mtu alivyolala. Nayo yameandikwa kwa silabi zilizokatwakatwa kama ya mtu aliyeyakariri. Jina lake jipya nalo limekusanywa huku na huku: la kwanza lina mwangwi wa Ukikuyu, la pili linamkumbusha mtu Lewanika, mfalme wa Walozi. Ni viraka pia! Lakini ni viraka visivyotiwa uzi. Hakuna mtu wa ukoo wake aliyeitwa majina hayo, ilhali jina la Dee, kama mama yake anavyomweleza, limepita kwa shangazi, kwa bibi, na nyuma zaidi. Walker hakulisema jambo hili kwa maneno. Aliliweka mbele ya macho, jina upande mmoja na mfarishi upande wa pili, akamwachia msomaji alinganishe.

Kilicho kizito zaidi ni ahadi. Mama alikwisha kumwahidi Maggie mifarishi ile, apewe siku atakapoolewa na John Thomas. Waswahili husema ahadi ni deni, na methali hiyo inaifungua hadithi kuliko nadharia nyingi za urithi. Zawadi ya kushonwa huwa na mwenyewe kabla haijatoka sandukuni. Dee anazungumza juu ya thamani ya mifarishi kana kwamba haina mtu, kama mali iliyookotwa. Ni yeye yuleyule aliyepewa mmoja alipokuwa akienda kusoma, akaukataa kwa kuwa umepitwa na wakati. Zawadi iliyokataliwa haimngojei mtu mlangoni hata abadili mawazo.

Maggie anapousikia ugomvi, anasema dada yake aichukue tu. Yeye anaweza kumkumbuka bibi bila ya mifarishi. Hapo mama anaikwapua mikononi mwa Dee na kuitupa mapajani mwa Maggie. Tendo hilo limesifiwa sana, lakini lina swali ndani yake. Maggie si ametoa? Kama mifarishi ni yake, kwa nini mama azuie mkono wake usitoe? Jibu limo katika namna Maggie anavyosema: kwa sauti ya mtu aliyezoea kutopata kitu. Mama anatambua kwamba atoaye kwa kuwa hajapata kushinda maishani hajatoa zawadi. Amenyang'anywa kwa ridhaa yake. Sharti kwanza awe nacho, ndipo aweze kukitoa. Kumbukumbu, kwa upande wake, Maggie anayo kweli. Bibi na shangazi walimfundisha kushona. Mifarishi ikichakaa yeye ataweza kushona mingine, na Dee hataweza. Kwa hiyo aliyekabidhiwa urithi ni yule anayedhaniwa kuwa ataupoteza.

Mfasiri atakayejaribu kuileta hadithi hii katika Kiswahili atakwama kwenye jina lake. "Matumizi ya Kila Siku" ni tafsiri iliyo sahihi na isiyofaa, maana msomaji atafikiria pesa za matumizi zinazoachwa nyumbani asubuhi. "Ya Kutumika" lingekaribia zaidi, nalo lina faida ambayo lugha ya asili haina. Kutumia, kutumika, mtumishi na mtumwa ni maneno ya ukoo mmoja. Na katika ukoo huohuo limo neno kujituma. Wanawake walioshona mifarishi ya Kusini mwa Marekani ni watumwa na vizazi vya watumwa. Mchana walifanya kazi ya kutumwa, usiku wakakaa na sindano na kufanya kazi ya kujituma. Kiswahili kinaliweka jambo hilo katika kitenzi kimoja, na mfasiri mwenye sikio asiliache likampita.

Wala nguo za huko si ngeni visiwani. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said bin Sultan na Marekani, merikebu za Salem zilileta Unguja marobota ya kitambaa cheupe kisichotiwa rangi, kikaitwa merikani na jina hilo likabaki. Pamba ya viwanda vya New England ilitoka Kusini, ambako ilichumwa na watumwa. Na visiwani waliokivaa kitambaa hicho, ama cheupe ama kilichotiwa nili kikawa kaniki, wengi walikuwa watumwa. Mikono iliyoichuma pamba na miili iliyovishwa haikujuana.

Uamuzi alioutoa Walker kwenye karatasi ulikuja kujaribiwa katika maisha huko Gee's Bend, kijiji cha Alabama kilichozungukwa na mto pande tatu. Wakazi wake wengi wanaitwa Pettway, jina la bwana aliyelinunua shamba lile mwaka 1845 pamoja na watu waliokuwamo. Wanawake wa hapo walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, kwa sababu nyumba zao zilipitisha baridi. Mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, na baadaye mwaka huohuo katika Whitney, New York. Wahakiki wakailinganisha na kazi za wachoraji wakubwa wa karne ya 20. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikaitolea stempu kumi. Matakwa ya Dee yakatimia.

Je, ilikuwa khiyana? Uko mfarishi alioushona Missouri Pettway mwaka 1942, baada ya kufiwa na mumewe. Alizikata nguo za kazi za marehemu, zenye alama za magoti na mifuko, akaziunga apate kumkumbuka na kujifunika kwazo. Binti yake, Arlonzia, alimsaidia, naye ndiye aliyeisimulia khabari hiyo. Leo mfarishi huo umo katika jumba la taifa la sanaa mjini Washington. Aliyeshonewa na aliyeshona wamekwisha kufa, na mfarishi umekwisha kufanya kazi iliyokusudiwa. Kuutundika baada ya hapo hakumdhulumu mtu, madhali jina la Missouri limeandikwa chini yake na hadithi ya mumewe haikuachwa nyuma. Lakini mwaka 2007 baadhi ya washonaji wa kijiji hicho walikwenda mahakamani wakidai kwamba hawakupata haki yao katika mauzo na katika nakala za kazi zao, na madai hayo yakamalizwa mwaka uliofuata. Ukuta, basi, nao huingia deni.

Pwani, mjadala huu una sura nyingine. Inasimuliwa kwamba kanga yenyewe ilianzia kwenye mshono: mwishoni mwa karne ya 19 wanawake walinunua leso sita zikiwa hazijakatwa kwenye jora, wakazigawa tatu na tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu zikawa nguo moja. Tangu hapo kanga ya zawadi imepita njia yake bila ya kuonewa aibu. Huanza kuvaliwa kwenye shughuli, ikawa ya nyumbani, ikambeba mtoto, ikaishia kuwa tambara la jikoni, na aliyeitoa hakasiriki akiiona huko. Kitambaa cha meza na foronya zilizotariziwa hazikubahatika hivyo. Hizo huwekwa sandukuni zikimngoja mgeni mkubwa, na mgeni huyo haji. Anayekuja ni nondo. Kosa la Dee kwa watu wa visiwani halipo ukutani. Limo ndani ya sanduku, ambamo kitu hakitumiki wala hakitazamwi, na mwenye kukishona hufa asiione meza yake ikitandikwa.

Wala asidhani mtu kwamba kuhifadhi ndiko kudumu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo lililokuwa makumbusho ya Unguja, iliporomoka. Kuta nazo huchakaa, na hazina Maggie wa kuzishona upya.

Hadithi ya Walker ni fupi, na pungufu yake katika kumtendea haki Dee ni ya kweli. Hata hivyo imeweza jambo ambalo vitabu vinene vya sanaa havikuliweza: imeuliza kuhusu mtu aliyeahidiwa kabla ya kuuliza kuhusu kitu. Itakapopatikana kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti na wanawake waliokaa na sindano zao. Watakuwa na la kusema juu ya ile mishono inayoshikiza tabaka tatu, na huenda baadhi yao wakaondoka hapo wakaenda kufungua masanduku.