Mapenzi na Hasira katika Kuusoma Utendi wa Mwana Kupona

Ni chache kazi za kale za fasihi ya Kiswahili zinazopendwa na kuchukiwa kwa nguvu kama Utendi wa Mwana Kupona. Wako wasomaji wanaouenzi kama hazina ya adabu na malezi. Wako na wengine wanaoufunga kwa ghadhabu, wakiuona kuwa mkataba wa utumwa wa mke kwa mumewe. Katika maandishi ya kitaalamu hisia hizo huvishwa joho la istilahi, zikaitwa maudhui, dhamira au msimamo wa mtunzi, ingawa chini ya joho hilo ni mapenzi na hasira tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hisia kali si ila kwa mhakiki. Ila ni kuchagua beti zinazoilisha hisia hiyo na kuziruka nyingine.

Utendi huu ulitungwa kwa lahaja ya Kiamu yapata mwaka 1858. Mtunzi wake, Mwana Kupona binti Mshamu, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate, ambaye alisifika kwa kumpinga Sultani wa Zanzibar na kufariki mwaka 1856. Mwana Kupona alitunga akiwa mgonjwa, na yapata mwaka 1860 naye akaaga dunia. Anayesemezwa ni bintiye, Mwana Hashima. Hali hii haikuzushwa na wahakiki: mama mwenyewe anaitaja mwanzoni, anapomwita binti aje karibu na wino na karatasi.

Beti zinazowasha moto zinajulikana. Mama anamwambia binti kwamba kiumbe anahitaji radhi tano ili apate raha ya dunia na akhera: radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Tena anasema kwamba siku ya ufufuo neno la mume ndilo litakaloamua kama mke ataingia peponi au motoni. Mwenye kuupenda utendi huona hapa unyenyekevu wa dini. Mwenye kuuchukia huona dini ikitumiwa kumfunga mwanamke. Wote wawili, hata hivyo, hukomea hapo hapo.

Kukomea huko kuna historia. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha utendi huu nchini Uingereza mwaka 1934, waliupa jina la Kiingereza lililoutambulisha kuwa ni mawaidha juu ya wajibu wa mke. Jina hilo lilimwelekeza msomaji kabla hajasoma ubeti wa kwanza. Ukweli ni kwamba mambo ya mume ni sehemu moja tu ya utendi. Yapo mafunzo ya dini, ya ulimi na ya kukaa na watu. Iko kumbukumbu ya ndoa ya mtunzi mwenyewe. Na sehemu ndefu ya mwisho ni dua ya mgonjwa anayewaombea watoto, jamaa na nafsi yake. Anayeuhukumu utendi bila ya dua hiyo amehukumu kipande.

Zitazamwe tena zile radhi tano. Kati ya watano hao, wanadamu walio karibu na binti ni watatu: baba, mama na mume. Wakati wa kutunga, baba alikwisha kufa, na mama alikuwa akijiandaa kumfuata. Radhi ya wazazi haikomi kwa kifo, lakini himaya yao hukoma. Wa kumlinda binti hapa duniani, kwa mizani ya utendi, anabakia mume peke yake. Ndiyo maana mama anayaita mawaidha yake hirizi ya kufungwa kwa uzi, na tena kidani cha lulu na marijani. Kidani ni pambo, bali hirizi huvaliwa na mwenye kuhofia dhara. Msomaji mwenye hasira hakukosea kukasirika. Huenda alikosea shabaha tu. Nyumba ikiwa na mlango mmoja, anayemwonyesha mwanawe mlango huo si lazima awe ndiye aliyeijenga.

Hata taswira ya mume ina pande mbili. Mama anamwagiza binti amtunze mumewe kama mtoto asiyejua kusema. Huo waweza kusomwa kama upeo wa utumishi. Waweza pia kusomwa kama siri ya mwanamke kwa mwanamke, kwamba bwana anayeamua pepo ya mkewe ni mtu wa kubembelezwa na kulishwa kama mchanga. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, aliutazama upya utendi huu kwa upande wa lugha, ushairi na mamlaka, na tangu hapo ni vigumu kuushikilia usomaji mmoja kana kwamba ndio pekee.

Hata hivyo, kumtetea mtunzi kusiwe kumtakasa. Uko ubeti unaomkataza binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi, maana watamharibia mwenendo. Ubeti huu mara nyingi hupitwa kimya na pande zote mbili. Mpenzi huuruka kwa kuwa unaitia doa adabu anayoisifu. Mwenye hasira huuruka kwa kuwa unamwonyesha mwanamke anayemtetea akiwa naye bibi wa watumwa. Mwana Kupona alikuwa chini ya mume na juu ya watumwa kwa wakati mmoja. Hisia isiyoweza kuyabeba yote mawili haijausoma utendi.

Jambo hili lina uzito katika kufundisha. Mwanafunzi anayeambiwa aiache hasira yake mlangoni hujifunza kunakili maoni ya mwalimu; naye anayeachiwa hasira bila ya kurudishwa kwenye matini hujifunza kupiga kelele. Lililo bora ni kumwuliza ni ubeti upi uliomuudhi au kumpendeza, kisha kumpeleka kwenye ule alioupita. Hisia ikivuka jaribio hilo itakuwa hukumu yenye haki ya kusikilizwa. Isipovuka, basi ilikuwa yamhusu msomaji zaidi ya yule mgonjwa wa Pate aliyeomba wino na karatasi.