Gololi Tatu na Kikombe cha Ngozi

Aliyewahi kufufua pampu ya baiskeli anaijua nusu ya kazi ya kufufua bunduki ya upepo. Pampu ikigoma, fundi huchomoa kijiti chake, akakikuta kile kikombe kidogo cha ngozi kimekauka kama ganda la chungwa. Hukipaka mafuta, hukitanua kwa kidole, na upepo hurudi. Ndani ya bunduki ya upepo ya zamani kuna kikombe cha namna hiyohiyo, ila nyuma yake imejificha springi inayoweza kukuvunja kidole.

Chukua Diana 27, iliyotengenezwa Rastatt, kusini-magharibi mwa Ujerumani, na kampuni ya Mayer & Grammelspacher iliyoanzishwa mwaka 1890. Uingereza iliuzwa kwa jina la Original, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili jina la Diana lilikuwa mikononi mwa kampuni ya Milbro ya Scotland; Marekani baadhi yake zilivaa jina la Winchester. Zile zenye jina lao halisi zina nembo ninayoipenda mno: mungu wa kike wa mawindo ameinyanyua bunduki juu ya kichwa, upinde wake ameutupa chini.

Utendaji wake hauna fumbo. Unaukunja mtutu, mtutu unairudisha pistoni nyuma, springi inabanwa, kifyatuo kinaishika pistoni. Ukifyatua, pistoni inachupa mbele ndani ya silinda, hewa iliyo mbele yake inabanwa ghafla mpaka inapata moto, nayo inakisukuma kirisasi cha milimita 4.5 au 5.5. Bunduki iliyochoka hujitambulisha kwa sauti. Hulia kama kitanda cha chuma kinapogeukiwa usiku, na kirisasi hutoka kivivu.

Kabla ya yote fundi huhakikisha mtutuni hamna kitu. Kisha huja bisibisi, na hapa ndipo namtambua fundi wa kweli. Bunduki hizi huwa zimepita mikononi mwa wenye haraka, na vichwa vya skrubu hubaki vimetafunwa. Yeye huichukua bisibisi ya bei rahisi, akaisugua kwa tupa hadi ncha yake ijae kwenye mfuo wa skrubu bila kucheza. Dakika ishirini kwa skrubu moja! Mwenye haraka angekuwa ameshafungua zote tano, mbili zikiwa zimeharibika.

Springi haitolewi kwa mikono mitupu. Imefungiwa ndani ikiwa bado imebanwa, na kinachoizuia ni pini mbili zilizopita ubavuni. Silinda hulazwa kwenye kibanio kirefu, mkandamizo huondoa uzito juu ya pini, nazo hutoka kwa kugongwa kidogo. Kibanio hulegezwa taratibu, zamu baada ya zamu, mpaka springi iishiwe nguvu. Halafu, tik, tik, tik: gololi tatu za chuma zinadondoka sakafuni. Ndizo roho ya kifyatuo cha 27. Zinapobanwa huushika mkia wa pistoni. Zikipata nafasi ya kutanuka, huuachia. Wakati wa kurudisha, hubandikwa mahali pake kwa grisi nzito, la sivyo zitadondoka tena, na utapiga magoti tena chini ya meza.

Kikombe kipya hukatwa kwenye ngozi nene, hulowekwa mafuta ya wanyama hadi kilainike, kikaminywa kwenye kalibu mpaka kishike umbo. Mafuta yakizidi mbele ya pistoni, joto la hewa iliyobanwa huyawasha. Bunduki hupiga kwa kishindo, hutoa moshi, na mwenye nayo hudhani imepata nguvu, kumbe inajiumiza. Wapo pia wanaotia springi ngumu kupita ya kiwandani. Nawaona kama mtu anayemtwisha mzee gunia la kijana. Tena Uingereza, bunduki ndefu ya upepo ikivuka futi-pauni 12, yaani kama jouli 16, inahitaji cheti.

Kutu huondolewa kwa mafuta na nyuzi laini za chuma, pole kwa pole, ili rangi ya buluu iliyobaki isiondoke nayo. Mbao ina dawa ya ajabu: kitambaa kibichi juu ya mbonyeo, pasi ya moto juu ya kitambaa, mvuke unaingia na nyuzi za mbao zinavimba kurudi zilikokuwa. Mikwaruzo haiitikii pasi, na msasa mkali ungefuta kingo alizochonga mtengenezaji. Huachwa, ikapakwa mafuta ya kitani pamoja na sehemu nyingine.

Risasi za kwanza hupigwa kwenye kasha lililojazwa matambara, na bado kuna moshi kidogo na harufu ya mafuta yaliyoungua. Hufika wakati kile kilio cha kitanda hakisikiki tena, imebaki tup moja fupi, kama kitabu kilichofungwa. Fundi hufuta alama za vidole kwenye chuma, maana jasho lina chumvi, anaiegemeza ukutani bila springi kubanwa, kisha anainama kuhesabu kama kuna gololi iliyosahaulika.