Mkono Ushikao Mwavuli

Harusi nyingi za Moding, huku Teso Kaskazini, hufungwa Aprili, Agosti na Desemba, shule zinapokuwa zimefungwa. Walimu wana nafasi, watoto wako nyumbani, na ndugu walioko Nairobi, Eldoret au ng'ambo ya mpaka kule Tororo wanaweza kusafiri. Lakini Aprili ni kilele cha masika magharibi mwa Kenya, na Agosti, Nairobi ikiwa kwenye baridi yake kavu, Teso Kaskazini inanyeshewa. Katika miezi hiyo mitatu, Desemba peke yake ndiyo inayoweza kumhurumia mpiga picha. Anayetaka kuishi kwa kamera huku Malaba na Amagoro hana budi kuwa fundi wa mvua.

Na mvua ya huku ina saa yake. Asubuhi jua linawaka juu ya mashamba ya mihogo na mahindi, na kamati ya harusi inashukuru Mungu. Kumbe joto hilo hilo ndilo linaloileta. Ardhi ikishapata moto, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria inapanda, mawingu yanarundikana upande wa Mlima Elgon, na ikifika alasiri yanamwagika kwa radi na ngurumo. Ibada iliyopangwa saa nne inaanza saa sita. Maharusi wanapotoka kanisani ni saa nane na nusu, na gari linapoingia uwanjani kwenye tenti, anga limeshatanda weusi.

Dalili ya mvua ni mawingu, na kila mtu anajua kuyatazama. Ufundi ni kuyatazama na kujua la kufanya dakika hiyo. Fundi wa kweli haingoji ratiba. Akiona upepo umegeuka na vumbi limeanza kuruka, anamwendea msimamizi kwa heshima, anamwomba wazee wa pande zote mbili wakusanywe sasa, kabla ya chakula. Picha za ukoo zinataka watu wengi na uwanja mkavu; za maharusi wawili zinaweza kusubiri, kwa kuwa hao ataweza kuwapiga hata mvua ikinyesha.

Vifaa vyake vya kujikinga ni vya kawaida kabisa. Mfuko usiopitisha maji umevishwa kamera, ukabanwa kwa mpira kuzunguka mdomo wa lenzi. Kitambaa laini cha kufutia kiko ndani ya shati, mahali pasipolowa. Kamera ziko mbili, kila moja na lenzi yake, ili asilazimike kubadilisha lenzi matone yakianguka. Mle mkobani kuna vile vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Wengine huvitupa, yeye huviweka. Anajua pia kwamba akitoka kwenye mvua ya baridi akaingia ndani ya tenti iliyojaa watu na mvuke wa pilau, kioo kitafunga ukungu papo hapo; kwa hiyo kamera inakaa mkobani kwanza, ipate joto polepole. Usiku, kabla hajala, anafungua kila kitu na kukianika ndani ya nyumba, kwa sababu kuvu ikishaota ndani ya lenzi haifutiki kwa kitambaa.

Uangalifu huo wote una malipo yake, nayo ni mwanga. Jua la saa saba karibu na ikweta ni katili: linachimba vivuli chini ya macho, linaunguza gauni jeupe mpaka lesi yake isionekane. Wingu likitanda, mwanga unatoka kila upande kwa upole. Ngozi nyeusi inaonyesha kina chake chote, wekundu wa udongo unakolea, na kijani cha migomba kinazidi kuwa kijani. Fundi anabaki na kazi ya kulinda rangi. Mwavuli mwekundu humwaga wekundu usoni mwa bibi harusi, na turubai la buluu huwafanya wageni wote waonekane wagonjwa. Ndiyo maana garini mwake hakukosi mwavuli mweupe mkubwa.

Giza likianza kuingia na mvua ikiwa bado haijakata, huja picha ambayo jua haliwezi kuitoa. Flashi ikipigwa kutoka mbele, matone yaliyo karibu na lenzi yanageuka madoa meupe yanayofunika nyuso. Basi fundi anaizungusha: anaisimamisha nyuma ya maharusi, imefichwa na miili yao, ikitazama kamera. Anapobonyeza, kila tone linawaka, na wawili hao wanasimama katikati ya mng'ao ambao hakuna mpambaji angeweza kuununua.

Picha hiyo ni nzuri, lakini ukubwa wa kazi hii nauona kwingine. Katika studio za zamani za pwani, kama ile ya N. V. Parekh kule Mombasa, mpiga picha aliamua kila kitu: pazia la nyuma, taa, kiti, mkono uwekwe wapi. Kazi zile zilikuwa za kifalme. Mvua ya Moding inamnyang'anya mpiga picha mamlaka hayo, na inampa watu. Tazama bibi harusi akivuka uwanja wenye matope kutoka garini hadi kwenye tenti. Wanawake wanatandika leso zao mbele yake, moja baada ya nyingine, zile za nyuma zikiokotwa na kukimbizwa mbele. Msimamizi wake ameinua gauni kwa mikono miwili, na chini yake gumboti zinaonekana. Shangazi ameshika mwavuli juu ya shela. Bega lake mwenyewe limelowa chapachapa. Vijana wa boda boda wanasukuma gari lililonasa. Pembeni, wazee waliozunguka chungu cha pombe ya ajono wanasogeza mirija yao mirefu kumpisha mgeni aliyekimbilia hapo kujikinga.

Mpiga picha wa kawaida atamwambia shangazi asogee, apate picha safi. Fundi anarudi hatua mbili nyuma ili shangazi aingie. Anajua kwamba ndoa ya Kiteso ni ya koo mbili, ng'ombe wa mahari wamehesabiwa mbele ya watu, na wale walioshuhudia ndio watakaoitwa siku nyumba ikiyumba. Jua linapowaka, watu hao wamekaa kwenye viti vyao, na huwezi kujua nani ni nani. Mvua ikinyesha wanasimama, na kila mmoja anashika alichoweza kushika. Kumwondoa shangazi ni kufuta jibu la swali ambalo watoto wa nyumba hiyo watauliza siku moja: ni nani waliokuwa upande wa mama yetu?

Huko Kakapel, hapa hapa Teso Kaskazini, wachoraji wa kale waliacha ng'ombe wao ukutani, chini ya jabali lililowakinga na mvua. Walichora kile walichokitegemea kuishi. Mpiga picha wa harusi anayemweka shangazi ndani ya picha anafanya kazi ya aina hiyo hiyo.

Kwa hiyo, ninyi mnaopanga harusi ya Aprili au Agosti, mkimtafuta wa kuwapiga picha msiridhike na zile nzuri chache zilizoko kwenye simu yake. Mwombeni awaonyeshe harusi moja iliyonyeshewa, tangu ibada hadi keki, picha zote. Tafuteni humo walioshika miavuli. Mkiwaona nyuso zao, mlipeni anachoomba.